Sumaku Iliyonila Miezi Minane

Nilipokwenda Newala kuaga kabla ya safari ya Ujerumani, shangazi yangu aliniuliza swali moja tu. "Kwa hiyo mwanangu, wewe ndiye utakayekuwa unapima watoto ni wa nani?" Kwetu mkemia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, na Mkemia Mkuu ni habari za vinasaba na sumu. Nikajaribu kumweleza vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko, na polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, maneno yakanipalia, mwishowe nikamwonyesha ndoo ya plastiki aliyoipindua akaikalia. "Hii ndoo, shangazi, kuna watu walikaa maabara wakaitafuta." Akainama kidogo kuiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Haya. Na wewe unakwenda kutafuta ipi?"

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nafasi ya uzamivu niliiomba kwenye maabara moja ya bonde la Ruhr kwa sababu tangazo lilitaja vichocheo vya metali za bei nafuu, na kwa sababu ufadhili ulikuwa umeshapatikana. Basi. Sikumuuliza msimamizi mwanafunzi wake wa kawaida humaliza baada ya muda gani. Sikumtafuta hata mmoja aliyepita mikononi mwake. Sikuuliza mashine za kupimia ziko jengo gani na foleni yake ni ya siku ngapi. Ufadhili ulikuwa wa miezi 36. Kumbe kwenye maabara ile hakuna aliyewahi kumaliza chini ya miezi 42. Habari hiyo ningeipata kwa barua pepe moja tu kwa mwanafunzi aliyekuwa anafunga virago. Anayeondoka hana la kuficha.

Mapenzi ya kemia yenyewe yalianzia kwenye korosho. Aliyekulia kusini anajua: ukibangua korosho bila kupaka majivu mikononi, mafuta ya ganda yanakubabua na ngozi inabambuka. Mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam nikasikia darasani kwamba mafuta yale kwa sehemu kubwa ni asidi ya anakardiki, kwamba ukiipasha moto inatoa kaboni dioksidi na kubaki kadanoli, na kwamba kadanoli ni fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Nikatazama kovu kwenye kidole changu cha shahada. Kumbe kilichonibabua utotoni kina jina, na kina mkia. Shahada ya uzamili niliifanya humo humo kwenye maganda.

Ujerumani nikakabidhiwa kitu kingine kabisa: laktidi. Hii ni molekuli ya mviringo inayotokana na asidi ya maziwa, na asidi hiyo hupatikana kwa kuchachusha sukari au wanga wa mahindi. Kichocheo huifungua ile pete, kikaiunga kwenye pete nyingine iliyofunguka, na nyingine, kama mtu anayetunga shanga, mpaka unapata mnyororo mrefu wa plastiki inayoweza kuozeshwa. Viwandani kazi hiyo hufanywa na kichocheo cha bati. Mimi nilitakiwa kuifanya kwa zinki.

Mwaka mzima wa kwanza niligombana na maji.

Nieleze, maana wengi wanaokuja kwenye kazi hii hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe. Jaribio langu la kawaida lilikuwa na gramu 1.44 za laktidi, yaani milimoli 10, na kianzishi kimoja kwa kila molekuli 200. Kila kianzishi kinaanza mnyororo mmoja, kwa hiyo mnyororo ulitakiwa uwe na uzito wa karibu 28,800. Mimi nilikuwa napata nusu yake, au chini ya nusu. Nikabadilisha kichocheo, nikabadilisha joto, nikailaumu mashine. Mhalifu alikuwa maji, kwa sababu molekuli ya maji nayo inaanzisha mnyororo wake. Kwa kipimo changu kile, maji ya kufanya minyororo iwe mara mbili, na kila mmoja uwe nusu ya urefu, ni miligramu 0.9. Tone moja la maji lina takriban miligramu 50. Mimi nilikuwa nimetoka Dar, ambako hewa ya mwezi wa tatu unaweza kuikamua kama nguo. Sikuwahi kufikiri kwamba sehemu moja ya hamsini ya tone inaweza kumnyima mtu usingizi.

Dawa yake ni uvumilivu. Laktidi isafishwe kwa kuiyeyusha na kuiacha ifanye fuwele upya, kisha ifukizwe iwe mvuke na kuganda tena. Vyombo vikae kwenye tanuri usiku kucha. Kazi ifanyike ndani ya kabati la kioo lililojaa argoni, gesi isiyomenyuka na kitu, mikono umeipitisha kwenye glavu ndefu za mpira, jasho linakutiririka usoni na huwezi kujifuta. Tolueni, kiyeyusho chetu, tuliichemsha juu ya vipande vya sodiamu pamoja na benzofenoni. Ikiwa bado kuna maji au oksijeni, haina rangi ya maana. Ikishakauka kweli inageuka buluu iliyokolea, buluu ya wino. Mara mbili niliichota ikiwa kijani-kijani kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la mwisho. Majaribio ya wiki hizo mbili niliyatupa yote.

Kuna buluu nyingine, na hii naomba isomwe kwa makini. Pampu zetu za kunyonyea hewa zilikuwa na mtego wa kioo wa kunasa mvuke wa viyeyusho, uliozamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Asubuhi moja nilisahau kufunga valvu, pampu ikawa inavuta hewa ya chumbani kupitia ule mtego. Oksijeni huwa kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Niliporudi na kikombe cha chai nikakuta kimiminika cha buluu hafifu, kizuri kama maji ya Mnemba, kimetuama chini ya mtego uliokuwa na mabaki ya tolueni. Oksijeni ya kimiminika pamoja na tolueni ni bomu. Nilinyoosha mkono ili niondoe chupa ya naitrojeni, na fundi wa maabara yetu, mama wa makamo asiyependa maneno, akanishika kiwiko. Hatukuondoa ubaridi, hatukufunga mfumo. Alishusha kioo cha kabati, akatutoa wote nje, akamwita mhusika wa usalama. Tulikaa uani kwa muda wa saa nne. Hakunigombeza. Kesho yake nilikuta kipande cha karatasi juu ya pampu, kwa mwandiko wake: VALVU KWANZA.

Nikikumbuka ule mkono wangu uliokuwa umeshanyooka, mpaka leo tumbo linanikata.

Sasa sumaku. Mwaka wa pili msimamizi aliniongezea kazi ya pembeni: kutafuta kichocheo cha chuma cha kuunganishia vipande viwili vya molekuli, mmenyuko ambao kwa kawaida hufanywa kwa paladiamu. Akira Suzuki, Richard Heck na Ei-ichi Negishi walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2010 kwa kazi hizo za paladiamu, na paladiamu ni ghali. Ukiweza kuweka chuma mahali pake, umeokoa pesa za watu. Nami nilikuwa na wazo la kupachika vipande hivyo kwenye kadanoli, nirudishe korosho zangu mlangoni.

Jaribio la nne likakubali: zao, yaani sehemu iliyogeuka kuwa kile nilichokitaka, asilimia 71. La tano 74. Nilirudia mara kumi na moja, chini ya asilimia 65 halikushuka. Nilimpigia simu mama usiku nikamwambia mambo yamenyooka. Msimamizi akaniambia niandike makala, nikaandika, tukaituma. Nikaonyesha kazi kwenye mkutano, watu wakasimama mbele ya bango langu wakipiga picha. Ladha ya jambo lile ni tamu, nisiseme uongo.

Kisha mwanafunzi mpya alipewa kuendeleza kazi hiyo. Akapata asilimia 3. Nikamwona mzembe. Nikasimama nyuma yake nikimwelekeza kama anayempikisha mtoto ugali, akapata asilimia 2. Nikafanya mwenyewe kwenye kabati lake, kwa vyombo vyake: asilimia 4. Nikarudi kwenye kabati langu, asilimia 72.

Fundi wetu ndiye aliyekuja akatazama flaski yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo sumaku umeitoa wapi?"

Kwa wasiojua: ndani ya flaski tunaweka kijisumaku kilichovikwa ganda jeupe laini, plastiki ileile ya kwenye kikaango kisichogandisha, na mashine iliyo chini inakizungusha ili kukoroga. Wengine huchukua za droo ya pamoja. Yangu niliipenda kwa umbo lake, ilikuwa inazunguka vizuri bila kurukaruka, nikaifanya yangu. Ilikuwa na doa la kijivu ubavuni, kubwa kama punje ya mtama. Nililiona tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni uzee.

Tukaweka sumaku ile kwenye mchanganyiko usio na chuma hata chembe. Asilimia 69. Tukaweka sumaku mpya na chuma changu chote: asilimia 3. Doa lile lilikuwa paladiamu, ya mtu aliyeitumia kabla yangu, imejichimbia kwenye mikwaruzo ya plastiki na hakuna sabuni iliyoitoa. Chuma changu kilikuwa kimesimama tu kama shahidi wa harusi.

Miezi minane. Kuandika barua ya kuondoa makala ilikuwa siku mbaya kuliko siku ya mtego. Msimamizi aliiandika nami bega kwa bega, na alinisaidia kwa kunionyesha kwamba hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2003 watafiti fulani walichapisha kwamba mmenyuko wa Suzuki unaweza kwenda bila metali kabisa. Mwaka 2005 kundi lilelile likarudi na kueleza kwamba sodiamu kaboneti waliyotumia ilikuwa na paladiamu, sehemu 50 katika kila bilioni, na hizo zilitosha. Baada ya mimi kumaliza, mwaka 2019, watafiti wa Urusi wakachapisha uchunguzi kuhusu sumaku za kukorogea zenyewe, jinsi mikwaruzo yake inavyoficha metali na kutoa matokeo ya kizimwi. Niliisoma nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu mpaka jirani akasogea.

Laiti ningefanya jaribio tupu siku ya jaribio la nne. Kila kitu kama kawaida, ukiacha kile unachodai ndicho kinachofanya kazi, kwenye flaski mpya na sumaku mpya. Ni kazi ya nusu siku. Nilirudia mara kumi na moja lakini kila mara nilirudia uchafu uleule. Siku hizi nikipata tokeo zuri nampa mtu mwingine alifanye, kwa vyombo vyake, mimi nikiwa nje ya chumba. Na sumaku zilizogusa paladiamu zina droo yake, na droo ina kufuli.

Wiki niliyoondoa makala nilipanda treni kwenda Mülheim, mwendo mfupi tu, nikazunguka nje ya taasisi alikofanya kazi Karl Ziegler. Sikuwa na shida na mtu. Nilitaka tu kuona mahali ambapo uchafu uliwahi kumfaa mwenyewe. Ziegler na wanafunzi wake walikuwa wakirefusha minyororo ya gesi ya ethilini kwa kampaundi za alumini. Siku moja mwanafunzi wake Erhard Holzkamp akapata kitu kisichotarajiwa: mnyororo ulikatika mapema mno, ikatoka butini tupu. Wakafuatilia wakakuta ni mabaki ya nikeli ndani ya chombo cha chuma. Hawakuishia kukiosha. Walijiuliza, kama nikeli kidogo inakatisha mnyororo, metali nyingine zitafanya nini? Wakaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Mwaka 1953 Heinz Breil, naye mwanafunzi, alifika kwenye zirkoni na mnyororo ukarefuka. Titani ikawa bora zaidi. Plastiki hiyo ya minyororo ya ethilini, iliyokuwa inahitaji mgandamizo wa zaidi ya mara elfu ya hewa ya kawaida ikawa inatengenezeka bila mgandamizo wa kutisha. Giulio Natta wa Italia akaifikisha kemia hiyo kwenye propilini mwaka uliofuata, na mwaka 1963 wawili hao wakagawana Nobeli. Ndoo ya shangazi imetoka huko.

Nilikaa kwenye benchi na mkate wa jibini nikawaonea wivu, wivu hasa. Paladiamu kwenye sumaku haikuwa na jipya la kunifundisha. Dunia nzima ilikuwa inajua inafanya nini.

Pesa zilikwisha mwezi wa 36 kama mkataba ulivyosema. Nilimaliza mwezi wa 47. Miezi hiyo kumi na moja niliishi kwa mshahara wa nusu wakati wa kusimamia masomo ya vitendo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa mkopo wa rafiki Mkongo wa Essen niliyemlipa baada ya miaka miwili. Kibali cha kuishi nacho kinataka uthibitisho wa kipato, kwa hiyo ilinibidi kukimbizana na karatasi huku naandika tasnifu. Kabla hujasaini, uliza kwa maandishi: ufadhili ukiisha nami sijamaliza, nani ananilipa? Msimamizi mwungwana hatakasirika. Wangu angenijibu vizuri kama ningemuuliza mapema, alikuwa na nafasi ya mkataba akampa mwingine.

Tasnifu ikawa ya zinki na laktidi, na kadanoli niliirudisha kidogo kama kianzishi cha mnyororo, sura moja. Ni sura ninayoipenda kuliko zote. Kuichapisha kulichelewa miaka miwili, kwa kuwa nilirudi nyumbani na michoro ya vipimo badala ya mafaili ghafi, na mhakiki akataka mafaili. Nunua diski mbili, nakili kila kitu, mpaka vipimo vilivyoharibika.

Nilirudi chuo kimoja cha hapa nyumbani kufundisha. Hapakuwa na kabati la argoni. Mtungi wa argoni ulikuwa unakula bajeti yangu ya muhula. Umeme ukikatika katikati ya uchemshaji pampu ya maji ya kupozea inasimama, na sodiamu haisubiri. Nilijaribu mwaka mmoja kuihamishia Ujerumani Dar es Salaam, kwa ubishi. Kisha nikakubali kwamba kemia inayoogopa hewa hapa itanizeesha, nikarudi kwenye maganda.

Njia ilikuwa imeshakanyagwa. Profesa Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi nyingi juu ya mafuta haya, na watafiti wa hapa na wa Scotland wameonyesha kwamba mkia wa kadanoli ukikatwa vizuri unaweza kutoa kemikali zinazovuta mbung'o mtegoni. Mimi nilichagua jambo la jasho zaidi: kadanoli na fomalini, kichocheo cha alkali, unapata gundi ngumu inayoshikamana na nyuzi za mkonge. Haiogopi unyevu na haihitaji argoni.

Mzigo wa kwanza wa mafuta niliuleta kwa basi kutoka Mtwara, madumu mawili ya lita 20. Moja likavuja kwenye buti, likalowesha begi la mama mmoja wa Mbagala. Vitenge vyake vilitoka na rangi ya lami. Nililipa shilingi laki moja na elfu hamsini palepale stendi, huku konda akihutubia umati kuhusu wasomi. Dumu la mafuta haya liwe na mfuniko wa skrubu, likae ndani ya ndoo, wima, na mwambie konda ukweli kabla hajapakia. Kemikali za kuagiza nje zina utaratibu wake: kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali uanze kukishughulikia kabla ya kulipia mzigo. Shangazi alifurahi sana kusikia kwamba hatimaye nina shughuli na Mkemia Mkuu.

Na ukipasha asidi ya anakardiki ili uifanye kadanoli, panda polepole. Mimi nilikimbiza moto, ilipokaribia nyuzi 140 kaboni dioksidi ikatoka yote kwa mkupuo, mafuta yakaumuka kama uji uliosahaulika jikoni, yakafurika juu ya hita. Flaski ijae theluthi tu. Harufu ilikaa kwenye korido mpaka mitihani.

Kipande cha gundi na mkonge kinachotoka sasa ni kigumu kama ubao, chekundu cha damu ya mzee, ila kinapasuka kikikaa juani wiki tatu. Sijui bado ni kichocheo kilichobaki ndani au ni fomalini iliyozidi. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alikuja mbio ofisini na kipande ambacho hakijapasuka. "Mwalimu, imekubali!" Aliongeza chumvi ya zinki kidogo, wazo lake mwenyewe. Nikamuuliza kama amefanya kingine bila zinki, siku hiyohiyo, kwa fomalini ya chupa hiyohiyo. Akatazama viatu vyake. Tukashuka wote maabara, tukapima, tukaweka flaski mbili ubavu kwa ubavu, sumaku mpya kila moja. Saa tisa alasiri umeme ukakatika.